FUNDISHO LA MWEZI: MJUSI AISHIYE KATIKA UFA WA JIWE



Siku moja ya Mungu, kisha ibada, tuliwakuta watoto wetu wa masomo nyuma ya nyumba ya sala. Walikuwa na mawe na fimbo mikononi, wakimfukuza mjusi wa kichwa cha buluu, yule anayezoea kukaa ukutani na kupiga kichwa chini na juu. Tuliwauliza, "Juu ya nini mnamtesa?" Mmoja akajibu, "Ni nyama ya uchawi, Papa. Anatuchekelea." Mama mmoja aliyekuwa akifagia akamwambia kwamba yule ni mjusi tu, kazi yake ni kula wadudu. Lakini mtoto hakunyamaza: "Na pahali pasipo wadudu anakula nini? Na pahali pasipo maji anakunywa nini?"

Sisi wakubwa tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu zuri. Ndiyo maana mwezi huu tumeacha kidogo masomo tuliyozoea, tukatafuta habari za mjusi mmoja anayeishi mbali sana na sisi, katika jangwa la mawe, pahali ambapo swali la yule mtoto ni swali la kufa au kupona kila siku. Tunaomba wazazi wawasomee watoto nyumbani.

INCHI YAKE

Mjusi huyu anaitwa chuckwalla; tamka chakwala. Jina hilo lilitoka katika lugha za wenyeji wa kwanza wa kule, wale waliokuwa wakiishi jangwani mbele Wazungu hawajafika. Wahispania wakalisema kwa namna yao, kisha likaingia katika Kiingereza. Wataalamu wanamwita Sauromalus ater. Mfaransa Duméril ndiye aliyemwandika kwa jina hilo mwaka 1856. Sauromalus linatoka katika Kigiriki, maana yake mjusi aliye bapa, na ater ni neno la Kilatini la weusi. Mkimwona amelala juu ya jiwe mtakubali kwamba jina lilimfaa.

Anaishi katika majangwa mawili makubwa, Mojave na Sonora, upande wa kusini-magharibi wa Marekani na kaskazini ya Meksiko. Katika Marekani yupo California, Nevada, Utah na Arizona. Katika Meksiko yupo Sonora na katika ile rasi ndefu ya Baja California. Sisi tuliozoea mvua ya Kongo hatuwezi kufahamu inchi ile kwa urahisi. Kisangani inapata kupita milimita 1,600 za mvua kwa mwaka. Kule jangwani kuna pahali ambapo mwaka mzima hawafikii milimita 100, na mwaka mwingine karibu hakuna kitu. Wakati wa kiangazi joto la mchana katika mabonde ya chini linapita digrii 45 kivulini. Usiku wa majira ya baridi, hapo hapo, maji yanaweza kuganda.

Tena hakai popote katika jangwa. Hakai katika mchanga mtupu wala katika uwanda. Anataka mawe: vilima vya mawe makubwa yaliyorundikana, miamba iliyopasuka, mawe ya volkano yaliyopoa. Ndugu zetu wa Goma wanaojua lava iliyokauka, yenye matundu na nyufa kila upande, wao wanaweza kuwaza kidogo makao yake, ila waondoe mvua na majani yote ya kijani.

MWILI WAKE

Ni mjusi mkubwa. Toka pua mpaka ncha ya mkia anaweza kufika santimetri 40, na pengine kupita kidogo. Kati ya mijusi ya asili ya Marekani, anayemzidi kwa ukubwa ni mmoja tu, yule mwenye sumu aitwaye Gila. Chakwala hana sumu. Tumbo lake ni pana, mkia ni mnene pale unapoanza, na ngozi ya shingo na ya mbavu imelegea, yenye mikunjo mikunjo, kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Hiyo ngozi iliyolegea mtaona baadaye kazi yake.

Dume aliyekomaa mara nyingi ana kichwa, mabega na miguu vyeusi, na mgongo mwekundu, wa manjano au wa kijivu kufuatana na pahali alipozaliwa. Jike ana rangi ya udongo na madoadoa. Watoto wana mistari myeusi na ya manjano mkiani. Karibu na mji wa Phoenix, katika vilima vinavyoitwa South Mountain, madume wana mkia wa rangi ya chungwa kabisa. Rangi za mwilini mara nyingi zinafuata rangi ya mawe, na ndege wa juu anapotazama chini anaweza kumpita.

SIKU YAKE MOJA

Asubuhi anatoa kichwa kwanza. Anakaa hivyo, kichwa nje na mwili ndani, anangoja. Mjusi hana moto wa mwili kama sisi. Anauchukua kwa jua na kwa jiwe lililopata jua. Kisha anatoka, anajitandaza juu ya jiwe ubavu kwa jua, tumbo limebanwa chini. Mwili ukiwa na baridi, ngozi inakuwa nyeusi zaidi, na weusi unavuta joto. Ukiisha kupata joto, ngozi inapauka. Anangoja mpaka mwili wake ufike karibu digrii 38. Mbele ya hapo hali, kwa sababu tumbo lenye baridi haliwezi kusaga majani. Ndugu mmoja alipotusikia tukisoma hayo alicheka akasema basi huyo mjusi anafuata saa kupita sisi.

Sasa jibu la swali la mtoto. Anakula nini? Chakwala karibu hali wadudu. Anakula majani, vichipukizi na maua, na zaidi sana maua ya manjano. Mvua ya baridi ikinyesha vizuri, majira ya kuchipua maua madogo yanafunika jangwa kwa majuma machache tu, na wakati huo anakula kwa nguvu. Anapanda hata juu ya vichaka kufuata maua. Majani ni chakula kigumu kusaga, na sehemu ya mwisho ya matumbo yake ni kubwa, imejaa vijidudu vidogo sana vinavyomsaidia kuyachachusha na kutoa nguvu ndani yake, karibu kama tumbo la mbuzi linavyofanya, ingawa mbuzi anatafuna mara ya pili na mjusi hatafuni.

Na anakunywa nini? Anaweza kukaa miezi na miezi bila kunywa hata tone. Maji yake yamo katika majani anayokula. Lakini hapo pana mtego: majani ya jangwa yana chumvi nyingi ndani ya maji yake. Sisi tukila chumvi nyingi tunakunywa maji, tunakojoa, chumvi inatoka. Yeye hana maji ya kutupa. Muumba amemtilia puani kitu kidogo kinachochuja chumvi kutoka damu, na yeye anaipiga chafya. Maji yake yakikauka puani unaona weupe kama wa unga. Huo ni chumvi. Mkojo wake nao si maji kama wetu. Anatoa kitu cheupe kizito, kama mavi meupe ya ndege, kusudi maji yabaki mwilini.

Mtaalamu Kenneth Nagy alifuata chakwala katika jangwa la Mojave, akachapisha kazi yake mwaka 1973. Jambo lililotushangaza ndani yake ni hili: majani yakikauka, mjusi anaacha kula, ingawa chakula kikavu bado kipo mbele yake. Kula majani makavu kungemfanya apoteze maji mengi kupita yale ambayo angepata. Basi anaingia katika ufa wake, anakaa gizani pasipo mwendo, anakonda polepole, anangoja. Anaweza kungoja siku nyingi sana. Tena mwaka wa ukame majike hawatagi. Hawajaribu hata, nguvu zilizobaki ni za kuvuka tu.

UFA

Tulisema mtaona kazi ya ile ngozi iliyolegea. Adui akitokea, iwe mwewe, mbweha wa kule wanayemwita koyote, au nyoka, chakwala hasimami kupigana. Anakimbia mpaka ufa ulio karibu, anaingia kichwa kwanza mpaka ndani, pale pembamba kabisa. Kisha anavuta pumzi, anavuta tena, anajaza mapafu mpaka mwili unavimba na ngozi yote iliyolegea inanyooka. Mfikiri mpira wa ndani wa kinga uliotiwa kati ya mbao mbili halafu ukapigwa pompi. Magamba yake yaliyo magumu yanashika jiwe juu na chini. Ukimvuta mkia hatoki. Ukivuta kwa nguvu zaidi unaweza kubaki na mkia mkononi, naye ataotesha mwingine, ingawa hautakuwa mzuri kama wa kwanza.

Wenyeji wa kwanza wa jangwa walijua siri hiyo zamani sana, kwa maana walikuwa wakimla. Mwindaji alikuja na fimbo yenye ncha kali, akamchoma mjusi humo ndani ya ufa mpaka hewa ikamtoka, kisha akamvuta kwa fimbo iliyopindika. Nyama yake inasemekana ni nzuri. Wengine kati yetu watakunja uso, lakini tuna jamaa ambao hula kenge na tena wanamsifu, basi tusicheke watu wa mbali.

Usiku pia analala humo ufani. Majira ya baridi, tangu karibu mwezi wa kumi au kumi na moja mpaka wa pili au wa tatu, anakaa humo pasipo kula. Tukihesabu saa zote za maisha yake, sehemu kubwa zaidi anazimaliza katika giza la jiwe. Ufa unaofaa si kila ufa: uwe na kina, uwe mwembamba, usipate jua mpaka ndani. Kilima kinaweza kuwa na mawe elfu na nyufa chache tu za namna hiyo. Hapo ndipo tunafika kwenye mashaka yake, lakini tusikimbie mbele.

UKOO

Dume mkubwa ana eneo lake, na madume wadogo wanaruhusiwa kukaa karibu wakikubali kujishusha. Kristin Berry, aliyechapisha kitabu kizima juu ya chakwala mwaka 1974, alieleza namna dume mwenye nguvu anavyopanda jiwe la juu kabisa akitazama kila pande, na akiona mgeni anapanda na kushuka kwa miguu ya mbele, anapiga kichwa, anafungua kinywa. Wakipigana kweli wanaumana. Mara nyingi inatosha kujionyesha, na mdogo anaondoka. Basi ule mwendo wa mjusi wa ukutani kwetu, ambao watoto waliudhania kicheko cha uchawi, ni lugha ya namna ile ile: anamwambia mwenzake, "Hapa ni kwangu."

Majike huingia katika eneo la dume, na wanapandana majira ya kuchipua na mwanzo wa kiangazi. Jike anachimba shimo, anataga mayai 5 mpaka 16 kati ya mwezi wa sita na wa nane, na watoto wanatoka karibu mwisho wa mwezi wa tisa. Wanakua polepole. Inawachukua miaka kadha mpaka wazae, na wanaweza kuishi kupita miaka 25. Yaani mjusi mzee juu ya jiwe anaweza kuwa na umri wa kijana aliyekwisha kuoa.

WATU WA VISIWA

Katika bahari nyembamba kati ya Baja California na Sonora mna visiwa vikavu vya mawe, na humo wamo ndugu zake wakubwa. Kisiwa cha San Esteban kina Sauromalus varius, mwenye mabaka meusi juu ya manjano na kijivu, ambaye anaweza kupita santimetri 60 na uzito wa kilo moja. Kisiwa cha Ángel de la Guarda kina Sauromalus hispidus, mweusi, mwenye miiba shingoni.

Watu wanaoitwa Seri, ambao wenyewe wanajiita Comcaac, wanakaa pwani ya Sonora na zamani walikaa hata juu ya visiwa hivyo. Walikuwa wavuvi wa mitumbwi. Wao waliwachukua mijusi hawa wazima, wakawahamisha toka kisiwa hiki mpaka kile, kusudi wakati wa kurudi wakute chakula kinachongoja. Nyama anayeweza kukaa miezi bila maji na bila chakula ni akiba nzuri kwa msafiri wa bahari. Mpaka leo katika kisiwa kidogo cha Alcatraz, kile cha Meksiko, wamo mijusi waliochanganyika damu za aina mbalimbali, na kazi hiyo ni ya mikono ya watu.

Mjusi wa San Esteban yupo kwa asili katika kisiwa kimoja tu chenye mawe na jua. Ugonjwa mmoja au nyama mgeni mmoja akiingia, anaweza kwisha. Biashara yake kati ya mataifa imekatazwa, naye yumo katika orodha ya kwanza, iliyo kali kupita zote, ya mkataba wa CITES. Jumba la makumbusho ya jangwa la Arizona-Sonora, karibu na mji wa Tucson, limekuwa likiwafuga na kuwazalisha tangu miaka ya 1970.

WANAOVUNJA MAWE

Chakwala wa bara hayupo katika hatari ya kwisha karibuni. Tungedanganya kama tungesema hivyo. Ila kuna jambo moja baya, na tunalieleza kwa sababu tunaona halijulikani.

Watu wengi katika inchi tajiri hupenda kufuga mijusi nyumbani, ndani ya sanduku la kioo. Chakwala anauzwa. Na kumtoa katika ufa, kama mlivyoona, si rahisi. Basi wakamataji wamekuja na mitaimbo ya chuma. Hawamchomi kwa fimbo kama wenyeji wa zamani. Wanapindua bamba zima la jiwe. Mjusi anachukuliwa, bamba linavunjika au linabaki pembeni, na ufa hauko tena. Mwindaji wa zamani alichukua mjusi mmoja akaacha nyumba, na mwaka uliofuata mjusi mwingine akaingia humo. Huyu wa mtaimbo anachukua mjusi na nyumba pamoja, na ndani ya ile nyumba walikaa pia mijusi wadogo, nyoka, nge na wengine ambao hakuna aliyetaka kuwanunua.

Mwaka 2005 wataalamu wa Arizona walichapisha uchunguzi wao: pahali ambapo wakamataji walivunja mawe, mijusi ya mawe ilikuwa michache. Jambo hilo linaonekana wazi, lakini ilifaa lipimwe, kwa maana watu hubisha. Mti ukikatwa unaweza kuchipuka, na msitu unaweza kurudi katika maisha ya mjukuu. Bamba la mwamba linapasuka kwa jua na baridi kwa muda mrefu sana kupita umri wa watu, na hakuna mkulima wa kulipanda.

Hapa kwetu mama wengi wanaketi kando ya njia wakigonga mawe ya changarawe kwa nyundo ndogo, kusudi watoto wapate chakula na pesa za masomo. Hatusemi juu yao, na mtu asitumie maandishi haya kuwasumbua. Kugonga jiwe kwa njaa na kupindua mlima kwa ajili ya nyama wa kutazama sebuleni si jambo moja.

Mashaka ya pili yametoka Afrika, na hapo tunaona haya kidogo. Katika karne ya 20 watu wa Arizona na Sonora walipanda nyasi iitwayo Cenchrus ciliaris, ambayo asili yake ni Afrika na sehemu za Asia, kwa malisho ya ng'ombe na kwa kushika udongo. Huku Afrika ya mashariki ni nyasi nzuri, mifugo wanaipenda. Kule ilitoroka mashamba, ikapanda vilima vya mawe. Jangwa lile halikuzoea moto, kwa sababu kati ya kichaka na kichaka palikuwa wazi, na moto haukuwa na njia ya kupita. Nyasi imejaza ile nafasi. Ikikauka inaungua kwa nguvu, inaua vichaka na ile mikaktasi mikubwa, kisha yenyewe inachipuka tena kwa haraka. Mjusi aliye ndani ya ufa anaweza kuvuka moto. Kutafuta ua la manjano asubuhi yake ni habari nyingine. Huko Tucson wapo watu wa kujitolea wanaopanda vilima siku za mapumziko kuing'oa nyasi hiyo kwa mikono, shina kwa shina.

Serikali nazo zimefanya kitu. Jimbo la Nevada lilikataza mwaka 2017 kukamata mijusi na nyoka wa porini kwa biashara. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 rais Biden alitangaza katika jangwa la California eneo la kulindwa lenye jina la mjusi huyu, karibu kilomita mraba 2,500.

Watoto waliouliza wamesomewa habari hii mbele ya kuchapishwa. Yule wa kwanza alitaka kujua kama mjusi wetu naye anapiga chafya ya chumvi. Tumemjibu kwamba yeye anakula wadudu wenye maji, hana haja kubwa hivyo. Mjusi mwenyewe hakufa siku ile. Aliingia katika ufa wa ukuta chini ya bati, upande wa mlango wa mama. Anatoka karibu saa tatu asubuhi, jua likiisha kupiga ukuta, na watoto sasa wanaketi mbali wakimhesabia mara anazopiga kichwa.